Masikio ya Mtendaji wa Kata

Lusia Bujiku alikuwa ameketi juu ya jiwe bapa nyuma ya nyumba yake, akikata viazi vitamu vipande vyembamba vya kuanika viwe michembe, pale Ndaki, mmoja wa wachimbaji, alipofika akiikokota baiskeli badala ya kuipanda. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Ndaki aliamkia kwa Kisukuma, akaitikiwa. Akaulizwa habari za nyumbani, akasema nzuri. Akaulizwa habari za ng'ombe, akasema nzuri. Kisha akasema kuwa duara, lile shimo la dhahabu kule kilimani, limetitia tangu alfajiri, na Davis yumo ndani pamoja na wenzake wawili.

Lusia aliweka kisu kwenye ungo. Davis alikuwa mwanaye wa pekee. Akauliza kama wako hai.

Ndaki alisema wako hai. Kompresa ilikuwa bado inawapulizia hewa kwa mpira, na wao huko chini walikuwa wakigonga bomba la chuma kwa jiwe. Watu wa juu nao wakigonga, wanajibiwa. Kilichokosekana ni mashine. Kwa sururu na ndoo kifusi kile hakiishi, maana kila wakitoa ndoo mbili upande huu, upande wa pili unamwaga tatu. Mwenye duara, tajiri mmoja wa Nyahanga kule Kahama mjini, alikuwa amepigiwa simu. Mara ya kwanza alipokea akanyamaza. Mara ya pili simu ilikuwa imezimwa.

"Mashine ipo shuleni," alisema Lusia.

Ndaki akakubali kuwa lile katapila la mradi lipo, ndiyo maana amekuja kumchukua. Vijana wa machimboni walikwisha kwenda kwa mtendaji wa kata, hawakusikika. Wamefikiri kwamba labda mama mzazi atasikika.

Lusia alivifunika viazi kwa kanga kuukuu ili kuku wasividonoe, akafunga kitenge, wakaenda.

Tatizo la masikio katika ofisi ya kata ya Igwamadete halikuwa geni kwa mtu yeyote. Wazee walisimulia kuwa zamani, ofisi ilipokuwa ikiendeshwa kwa ushuru wa pamba ya hapo hapo, mtendaji alisikia hata mbuzi wa mtu akikohoa. Asiposikia, wakulima waliacha kupeleka pamba kwenye mizani mpaka masikio yakazibuka. Baadaye pamba ikaanguka bei, ofisi ikaanza kuendeshwa kwa miradi ya wafadhili kutoka nje, na masikio yakafuata chakula. Mwaka wa vyandarua ofisi ilisikia habari za mbu tu. Mtu aliyekwenda kulalamika kuwa ameibiwa ng'ombe alimwona mtendaji akimtazama midomo kwa upole, kama anavyotazamwa samaki ndani ya maji. Mwaka wa nyuki mizinga iligawiwa hata kwa wasio na miti ya kuitundika. Mwaka wa utawala bora watumishi walisikia karibu kila kitu, na ingawa halikufanyika lolote zaidi ya semina, watu waliukumbuka mwaka ule kama wanavyoukumbuka mwaka wa mvua nzuri. Kati ya mradi na mradi hawakusikia chochote. Walikaa barazani wakicheza drafti, na ungeweza kupita na ngoma usiwasumbue.

Waliofika Shinyanga kwenye ofisi za mkoa walisema huko pia hali ni hiyo hiyo, ila mkoani miradi huwa mingi kwa pamoja, kwa hiyo mtu akivumilia foleni hupata pa kusikika. Daktari mmoja aliwahi kuyapima masikio ya watumishi wa kata. Aliyakuta safi.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa vyoo.

Mtendaji wa kata alikuwa Nassibu Salmini, kijana wa Shinyanga mjini, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa. Hakuwa mtu mbaya. Hakukosa msiba wa mtu, na Ramadhani ikifika alipeleka tambi kwa majirani wasiofunga. Alipomwona Lusia mlangoni, alisimama.

"Shikamoo, Mama Davis."

"Marahaba, baba."

Salamu zilisikika kila mwaka. Lusia akaketi, akaeleza tangu mwanzo: duara lilivyotitia, watatu walivyobaki chini, bomba linavyogongwa, mashine iliyolala bure shuleni kwa kuwa ni Jumatano na mafundi wamekwenda mnadani. Alieleza bila kulia. Alipofika kwenye jina la mwanaye alinyamaza kidogo, akameza mate, akaendelea.

Nassibu aliinama mbele mpaka kidevu kikakaribia meza. Alimtazama midomo, kisha macho. Akainuka, akamletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe.

"Mama, naona una jambo zito," alisema. "Sauti hainifikii."

Ndaki akachukua kalamu, akaandika jambo lile kwa herufi kubwa juu ya kipande cha boksi. Nassibu aliligeuza boksi mbele na nyuma, akalirudisha, akasema halina kitu. Wakamshika mkono wakamtoa nje, wakamwonyesha kilima kilichojaa watu. Aliuliza ni mkutano wa chama gani, maana hakuletewa taarifa. Kisha akasimama pale ngazini akijisugua masikio kwa viganja, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, kwa sababu alikuwa akimfahamu Davis. Waliwahi kucheza mpira pamoja.

"Jaribuni kulisemea upande mwingine," alisema taratibu.

Lusia alikuwa kiongozi wa jumuiya kanisani kwao, na hakuwa na mazoea ya kusema uongo. Alikitazama kilima. Kutoka pale mlio wa bomba ulisikika, hafifu, kama mtu anayetwanga mbali.

"Choo kimetitia," alisema. "Kina watu ndani."

Nassibu alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki kabla hajamaliza. Hakuna aliyewahi kumwona mtumishi wa serikali akienda mbio namna ile. Alimpigia mhandisi wa mradi wilayani, akamtuma mtu mnadani kuwarudisha mafundi, akaagiza barabara ya shule isafishwe miiba. Jua halijafika utosini, katapila lilikuwa limepanda kilima, na nyuma yake gari jeupe la mradi lenye maandishi ubavuni. Watu walisogea pembeni wakilipa njia. Huko chini waliposikia mngurumo wakagonga kwa kasi, na Ndaki akawajibu kwa kasi, na baadhi ya wanawake wakapiga vigelegele.

Mhandisi aliitwa Donatus. Alishuka garini akiwa amevaa viatu vya mvua, akalizunguka duara. Aliyaona matimba, yale magogo ya kuzuia kuta, yaliyovunjika, kamba, ndoo, marundo ya mawe na karasha la kusagia. Akasema choo hiki kimechimbwa vibaya, kiko mbali na nyumba na hakina paa. Lakini kina watu, kwa hiyo kifukuliwe mara moja. Akampa dereva ufunguo.

Katapila lilifanya kazi nzuri. Kifusi kilichowashinda watu tangu alfajiri kiliondoka kwa mikono michache ya chuma. Lusia alikuwa amesimama na wanawake wengine, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliruhusu moyo wake kupanga mambo: maji ya moto, uji mwepesi, blanketi. Kisha katapila likazimwa.

Donatus alikuwa ameshuka shimoni na futi ya kupimia. Akapanda, akajifuta mikono, akasema mita tatu zimetimia.

Lusia alimwendea, akapiga magoti kwenye kifusi mbele ya viatu vile vya mvua. Alimwambia kuwa watu wako chini zaidi, choo ni kirefu. Donatus naye akachuchumaa ili wawe sawa, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri.

"Mama yangu, kina cha choo ni mita tatu. Kikizidi hapo si choo tena, na kisipokuwa choo, mimi sikioni."

Wakamwomba aweke sikio kwenye bomba. Akaweka. Chini ya sikio lake bomba lilikuwa likitetemeka, kila mtu aliliona linatetemeka. Donatus aliinua kichwa akasema bomba hili ni zuri sana, lising'olewe, litafaa kuwa bomba la kutolea hewa.

Dereva wa katapila alikuwa mtu wa Isaka, kibarua tu, masikio yake mazima. Alisikia yote. Alikaa juu ya kiti chake akilia na mikono yake imeshika usukani, lakini ufunguo ulikuwa umerudi mfukoni kwa Donatus. Jioni haijaingia mashine ilikuwa inateremka kilima.

Wachimbaji hawakuacha. Waliingia kupitia duara la jirani, wakatoboa ubavuni kwa sururu na tindo, wakipokezana. Huko juu yaliletwa matofali na saruji, na mafundi wa mradi wakaanza kujenga choo juu ya duara. Walijenga kwa heshima, bila kupiga kelele, na walipohitaji kupita karibu na bomba walimwomba Lusia ruhusa, kwa kuwa alikuwa haondoki hapo. Akigonga, anajibiwa. Majibu yakaanza kuchelewa. Jumapili, watu walipokuwa wanarudi kutoka misani, aligonga asijibiwe. Aligonga tena. Muda mfupi baadaye Ndaki akatoka kwenye duara la jirani, akaketi kando yake, akaanza kufungua vitambaa alivyojifunga viganjani.

"Mwamba, mayu," alisema. Mama, tumekuta mwamba.

Choo kikaisha. Kilikuwa na vyumba viwili, bati la bluu, ndoo ya kunawia na bango lenye bendera mbili. Siku ya kukizindua walikuja wageni, na kwa kuwa taarifa ilionyesha kuwa Lusia Bujiku ndiye raia mwema aliyeripoti choo kibovu, alipewa mkasi akate utepe. Aliukata. Watu walioshangaa ni wale wasiojua kwamba bila mkasi ule walinzi wasingemruhusu kusogea karibu na bomba siku hiyo.

Hakuna mtu aliyewahi kukitumia choo kile. Waliopita njia walivua kofia. Lusia alikifagia kila asubuhi, na kila jioni kabla ya kuinjika chungu alisimama kwenye bomba akamweleza mwanaye habari za siku: nani kaoa, mvua imefika wapi, ng'ombe gani kazaa. Ukaguzi ulipopita, Igwamadete ikatangazwa kuwa na choo kisafi kuliko vyote wilayani. Donatus alipandishwa cheo.

Mradi ukafika mwisho. Ofisi ikanyamaza, drafti ikatolewa. Mvua za mwaka huo zikanyesha, mahindi yakavunwa, mvua za mwaka mwingine zikaanza.

Mradi mpya ulisainiwa mbali sana, katika nchi ambayo siku hiyo, walisema, ilikuwa na theluji. Ulikuwa mradi wa usalama wa wachimbaji wadogo. Mchana huo Nassibu alikuwa kwenye hoteli ya Zuleha, karibu na stendi ya bodaboda, akinywa chai ya rangi na chapati. Zuleha alisema baadaye kuwa mtendaji aliiweka chapati chini, akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma. Nyuma hakukuwa na mtu. Nassibu alikuwa anaisikia sauti ya Lusia Bujiku. Aliisikia yote, tangu mwanzo: duara lilivyotitia, watatu walivyobaki chini, bomba linavyogongwa. Sauti ilipofika kwenye jina la Davis ikanyamaza kidogo, na katika kimya kile alisikia mtu akimeza mate.

Aliacha chai ikifuka. Lusia alikuwa uani anapukuchua mahindi pale pikipiki ilipoangukia kwenye ua wa minyaa. Nassibu hakuiinua. Hakuamkia pia, na hilo lilikuwa jambo la kwanza la ajabu ambalo Lusia alimwona nalo.

"Mama Davis, nimekusikia," alisema. "Wako wangapi?"

"Watatu."

"Bado wanagonga?"

Lusia alimtazama. Machozi yalikuwa yanamshuka kijana mpaka kwenye ukosi wa shati. Nassibu alijua tarehe ya siku hiyo, kama kila mtu alivyoijua. Lakini sauti ilikuwa imemfikia muda ule ule, na mwili hufuata sauti.

"Hapana," alisema Lusia. "Wameacha."

Akasogeza ungo, akampa kigoda. Nassibu akaketi, na Lusia akaendelea kupukuchua kwa sababu mvua ilikuwa inanukia. Baadaye alisema kuwa moyoni alitafuta hasira aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mtu huyu, akaikuta, ila haikuwa na mahali pa kutua. Ilikuwa kama kumkasirikia mlango.

Katapila likapanda kilima tena. Donatus alikuja nalo, akiwa na kofia ngumu ya manjano, na safari hii aliliona duara vizuri. Alisema duara hili ni la hatari sana na kuna mtu kajenga choo juu yake, jambo la kizembe. Bango likang'olewa kwa uangalifu, likawekwa stoo. Choo kikabomolewa, na mashine ikachimba mita tatu, ikapita, ikaendelea kushuka. Hakuna aliyepima.

Waliwakuta kwenye kijia cha pembeni, wote watatu wameketi, wakavu, bila harufu. Davis alikuwa ameegemeza kichwa begani mwa mwenzake. Ndevu zao zilikuwa zimeendelea kukua mpaka kifuani. Ndugu wa wale wengine wawili waliamua kuwazika nazo. Lusia alimlaza Davis kwenye jamvi, akaagiza wembe na maji ya uvuguvugu, akamnyoa mwenyewe. Alikuwa akimnyoa polepole, kwa sababu Davis hakuwahi kupenda kunyolewa na mtu. Chini ya ndevu uso ulikuwa ule ule, ila umechoka.

Alizikwa nyuma ya nyumba, upande wa mihogo. Nassibu alivua viatu akachukua koleo na kufukia pamoja na vijana. Gari jeupe la mradi lilikuwa limesimama chini ya kivuli cha nyumba, limefunguliwa milango yote kwa ajili ya joto. Watu walikuwa wanaanza kunawa mikono pale Ndaki alipofika, ametembea kutoka ng'ambo ya mto na bintiye Esta mgongoni. Mtoto alikuwa na homa kwa siku kadhaa, na tangu asubuhi macho yalikuwa yamegeuka. Zahanati ilikuwa imefungwa, muuguzi kaenda kufuata mshahara wake. Ndaki akamwendea Nassibu, akaomba gari limpeleke mtoto hospitali Kahama. Akaeleza homa ilivyoanza na dawa zipi ametumia.

Nassibu aliegemea koleo. Akamtazama Ndaki midomo, kwa upole.

Ndaki aliona. Alianza upya kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa ukubwa wa sauti, na sauti ikamvunjikia katikati. Lusia alikuwa amesimama kando ya kaburi, udongo haujamtoka mikononi. Alikuja akaweka kiganja juu ya kichwa cha Esta. Kilikuwa kinachoma kama kikaango.

"Mwambie kaangukiwa na duara," alisema.

Ndaki alimtazama Lusia, akalitazama kaburi. Lilikuwa jambo zito kulisema mahali pale.

"Sema, baba. Mtoto anakwenda."

"Mwanangu kaangukiwa na duara," alisema Ndaki.

Nassibu alitupa koleo. Alimbeba mtoto yeye mwenyewe mpaka garini, na vumbi la gari lile lilionekana mpaka barabara kuu. Esta alifika Kahama akiwa hai. Aliwekewa dripu, na wiki iliyofuata akarudi nyumbani akidai maziwa.

Esta hajawahi kuingia machimboni hata siku moja. Kwenye taarifa ya mradi yeye ni mchimbaji mdogo wa kwanza kuokolewa katika wilaya nzima, na wageni walipokuja walimpiga picha akiwa amevalishwa kofia ngumu ya manjano iliyomfunika mpaka kwenye nyusi. Picha hiyo imetundikwa ofisini kwa mtendaji, ukutani, na pembeni yake pameachwa nafasi ya picha nyingine. Kutoka dirishani kilima kinaonekana. Duara lile lile linachimbwa tena kwa matimba mapya. Tajiri wa Nyahanga amefungua simu yake.

Lusia alikwenda ofisini siku moja na picha ya Davis ya kitambulisho, ile ndogo. Aliamkiwa, akaitikia, akaketi. Akaomba mwanaye naye awekwe ukutani. Nassibu alisikia kila neno, maana lilikuwa neno la duara. Akaipokea picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akawapigia simu wilayani mbele yake ili mama asije akafikiri hakujaribu. Kisha akairudisha. Alisema inamuuma, lakini haitawezekana. Davis alikufa mwaka wa vyoo.